Kama Hauoshi Brashi, Usinishike Uso

Wasee, leo nasema ukweli, na mwenye atakasirika akasirike. Juzi tulikuwa wapambe sita kwa harusi ya binamu yangu. Dada wa mekapu alitupaka sote na brashi ileile, bila hata kuipangusa. Siku ya pili nikaamka jicho limevimba, limejaa tongotongo.

Paleti ya thao tatu mnanunua, lakini sabuni ya finje inawashinda? Brashi inabeba mafuta, ngozi iliyokufa na bakteria. Halafu chunusi zikitoka, eti ni chipsi!

Kazi yenyewe ni ndogo. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mtoto, suuza mpaka maji yatoke safi. Kisha ilaze juu ya taulo. Ukiisimamisha kwa kikombe ikiwa na maji, yanashuka kwa gundi na nywele zinaanza kung'oka. Ukiifungia kwa kipochi ikiwa na unyevu, unafuga ukungu.

Nyinyi mnaolipwa, hiyo si hiari. Na wewe mteja, kabla ufumbe macho uliza: "Hii brashi umeiosha?" Akinuna, beba kibeti chako uende.