TAHARIRI: Umbali si hoja, hoja ni kipimo

Sisi tulio ughaibuni tumezoea kuambiwa: "Nyinyi mko mbali, mnajua nini?" Leo tunajibu kwa mfano wa Enceladus, mwezi mdogo wa barafu unaoizunguka sayari ya Zohali.

Mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliupitia kwa karibu. Hakikutua juu yake. Kilisoma miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo kila kitu hutoa, hata barafu. Wataalamu walitarajia ncha ya kusini iwe na baridi kali zaidi. Kumbe ndiko kwenye joto! Vipimo vya mwaka 2008 vilionyesha mipasuko ya huko inafikia nyuzi 93 chini ya sifuri, ilhali sehemu kubwa ya mwezi huo ni karibu nyuzi 200 chini ya sifuri. Joto hilo latoka ndani, na baadaye ikathibitika kuwa chini ya barafu kuna bahari.

Watawala wetu wajue: kilichofunikwa huonekana hata kutoka mbali. Nasi tujue: Cassini hakikubahatisha. Kilisogea, kikapima, na wataalamu wakakiri walichodhani sicho. Asiyepima, awe mbali au karibu, asiwe mwepesi wa kusema.