Fedha za Mjenzi Kabla ya Kufika Mkononi

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husimama mbele ya Bunge la Uganda na kusoma bajeti. Watu wengi husikiliza habari za petroli, bia na sabuni, kisha huzima redio. Mjenzi hana ruhusa ya kuizima mapema kiasi hicho. Sheria za kodi ziambatanazo na bajeti huanza kutumika tarehe 1 Julai, na mara nyingi humkuta amekwisha kutia sahihi mkataba, ukuta umefika usawa wa madirisha, na bei aliyopatana na mwenye kazi haiguswi tena.

Jambo hili lawahusu wasomaji wa ukurasa huu kuliko wanavyodhani. Si mara chache askari anayekaribia kustaafu hukaa na wenzake wawili watatu waliojifunza uashi, useremala au umeme kazini, wakaamua kuunganisha viinua mgongo na kuandikisha kampuni ya ujenzi. Wengine huchukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi. Wengine huweka rehani hati ya kiwanja ambacho mama watoto alikuwa amekitengea nyumba ya familia. Basi kampuni hiyo ikianguka, wanaoanguka nayo si wanaume watatu tu wenye kofia za plastiki. Ni karo ya shule, na paa la nyumba ya kustaafia.

Ajabu ni kwamba kampuni nyingi za namna hii haziangushwi na ukosefu wa kazi. Kazi hupatikana, tena kazi ya Serikali yenye muhuri: madarasa mawili wilayani, zahanati, nyumba za walimu. Zinaanguka kwa sababu mwenye kampuni husoma tarakimu iliyoandikwa kwenye mkataba akadhani ndiyo fedha yake. Hapana budi hesabu hiyo ifunguliwe mbele ya msomaji, shilingi kwa shilingi.

Tuseme kampuni imepata kazi ya shilingi milioni 100. Kampuni hiyo mapato yake ya mwaka yamekwisha kuvuka milioni 150, ambacho ndicho kiwango cha kulazimika kuandikishwa katika kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT. Kodi hiyo ililetwa Uganda mwaka 1996, na kiwango chake ni asilimia 18. Kwa hiyo ankara itaandikwa milioni 118. Upande wa matumizi, saruji, nondo, mabati na rangi kutoka kwa wauzaji walioandikishwa vitagharimu milioni 50, pamoja na VAT milioni 9. Mchanga, kokoto na matofali ya kuchoma, vinavyonunuliwa kwa wanavijiji, vitagharimu milioni 15. Mafundi na vibarua watachukua milioni 25. Gharama halisi ni milioni 90, faida ni milioni 10. Hadi hapo kila mtu anatabasamu.

Siku ya malipo milioni 118 haiji. Kwanza, mlipaji aliyeteuliwa kisheria, na ofisi za Serikali zimo, hukata asilimia 6 ya kodi ya mapato kabla ya kulipa, malipo yakizidi shilingi milioni moja. Hiyo ni milioni 6. Pili, tangu Julai 2018, walipaji walioteuliwa hukata pia asilimia 6 ya thamani ya kazi kwa ajili ya VAT na kuipeleka wenyewe katika Mamlaka ya Mapato, URA. Hiyo ni milioni 6 nyingine. Kinachoingia benki ni milioni 106.

Katika milioni 106 hizo, milioni 99 zinakwenda kwa wauza vifaa, wanavijiji na vibarua, zikiwemo zile milioni 9 za VAT zilizolipwa dukani. Zabaki milioni 7. Kisha mjenzi anafanya hesabu yake ya VAT: amemtoza mwenye kazi milioni 18, amelipa dukani milioni 9, zimekwisha kukatwa milioni 6, anadaiwa milioni 3, na anatakiwa kuzipeleka kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mkononi zabaki milioni 4.

Je, faida ya milioni 10 imekwenda wapi? Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo anadaiwa milioni 3 tu. Lakini alikwisha kukatwa milioni 6. Milioni 3 zilizozidi ziko URA kwa jina lake, na atazipata ama kwa kuzikata katika kodi nyingine ama kwa kuomba arudishiwe, baada ya kuleta hesabu za mwaka. Hazijapotea, lakini haziwezi kununua saruji ya kazi inayofuata. Asilimia 6 ya malipo yote hulingana na asilimia 30 ya faida pale tu faida inapofika asilimia 20 ya kazi, na katika zabuni za wilaya, ambako wanaoshindana ni wengi na bei ya chini ndiyo hushinda, faida ya namna hiyo ni ndoto ya mchana.

Wajenzi wa zamani husema kwamba kabla ya 2018 mambo yalikuwa mepesi. Wamesema kweli nusu. Ukirudia hesabu ile ile bila makato ya VAT, mjenzi angepokea milioni 112, angebakiwa na milioni 13 baada ya kulipa gharama, angepeleka milioni 9 URA, na mwisho angekuwa na milioni 4 zile zile. Sheria mpya haikumwongezea kodi hata shilingi moja. Ilichomwondolea ni muda. Zile milioni 6 zilikuwa zikikaa kwake majuma mawili, matatu, pengine mwezi, naye alizoea kuzinunulia mabati ya kazi ya pili. Kwa haki hazikuwa zake kamwe, na Serikali ilikuwa na sababu, kwani wapo waliotoza VAT wasiifikishe kabisa. Hata hivyo mtu aliyepanga maisha ya kampuni yake kwa fedha za njiani hana budi leo kutafuta mtaji mahali pengine, na mahali penyewe ni benki yenye riba.

Kuna mlango mmoja ambao wengi hawaubishi. Sheria inamruhusu Kamishna kumwondolea makato ya asilimia 6 ya kodi ya mapato mlipakodi ambaye ameleta hesabu zake kwa wakati na kulipa anayodaiwa. Katika mfano wetu hizo ni milioni 6 za kufanyia kazi, bila riba. Kampuni yenye vitabu safi yafaa iombe. Kampuni inayoweka risiti katika mfuko wa nailoni nyuma ya mlango haina la kuombea.

Risiti ndiyo sehemu ya pili ya habari hii, na pengine ndiyo yenye uchungu zaidi. Tangu Januari 2021 kila aliyeandikishwa katika VAT anatakiwa kutoa ankara au risiti ya elektroniki kupitia mtambo wa URA uitwao EFRIS. Mnunuzi asiye na karatasi hiyo hawezi kudai VAT aliyolipa, wala gharama hiyo haikubaliwi katika kodi ya mapato. Kisha muuza duka huja na maneno matamu: «Afande, chukua hii ya mkono, nitakupunguzia kidogo.»

Tuone upunguzo huo unagharimu nini. Tuseme katika zile milioni 50 za vifaa, vya milioni 20 vilinunuliwa kwa karatasi ya mkono, na muuzaji, pamoja na upunguzo wake mdogo, alikuwa bado ameiweka VAT ndani ya bei. Mjenzi anapoteza haki ya kudai milioni 3 na laki 6. VAT anayopaswa kupeleka inapanda kutoka milioni 3 hadi milioni 6 na laki 6, na mkononi zinabaki laki 4. Halafu inakuja kodi ya mapato. Zile milioni 20 hazikubaliwi kuwa gharama, kwa hiyo mbele ya URA faida yake si milioni 10, ni milioni 30. Kodi ni milioni 9, alikwisha kukatwa 6, anadaiwa 3. Ana laki 4. Madarasa yamesimama, watoto wamekwisha kuingia na madaftari, mkuu wa wilaya amekata utepe, na mjenzi ana deni la milioni 2 na laki 6 kwa kazi aliyoifanya vizuri.

Na matofali? Wachoma matofali na wachimba mchanga hawana EFRIS, wala sheria haiwadai kuwa nayo ikiwa biashara yao ni ndogo. Lakini ipo kanuni nyingine: manunuzi yanayozidi shilingi milioni 5 kwa mara moja kutoka kwa muuzaji asiye na namba ya mlipakodi, TIN, hayahesabiwi kuwa gharama. Mjenzi akinunua matofali ya milioni 10 kwa mkupuo mmoja kutoka kwa mzee asiye na namba hiyo, faida yake ya kodi inapanda kutoka milioni 10 hadi 20, kodi inakuwa milioni 6, na ile akiba ya milioni 3 iliyokuwa ikimsubiri URA inatoweka kimya kimya. Marekebisho ya mwaka 2025 yalilegeza ugumu huu kidogo, kwa kukubali namba ya kitambulisho cha taifa itumike kama TIN ya mtu binafsi. Basi jambo la kwanza la kumwomba mchoma matofali, hata kabla ya kupatana bei, ni namba ya kitambulisho chake, pamoja na jina lake kamili na sahihi au dole gumba kwenye hati ya malipo.

Saruji yenyewe ina ushuru wake wa shilingi 500 kwa mfuko wa kilo 50, na mwaka 2024 ushuru huo ulitandazwa pia juu ya saruji nyeupe, gundi ya vigae na chokaa. Kwa nyumba moja si kitu kikubwa. Kwa aliyepatana bei ya kupaka chokaa majengo kumi mwezi wa Mei, akaanza kununua vifaa mwezi wa Agosti, ni kitu. Kwa ajili hiyo katika mkataba wowote unaovuka mwezi wa Juni yafaa kiwemo kifungu kisemacho kwamba kodi ikibadilishwa na sheria baada ya siku ya zabuni, bei nayo itarekebishwa. Na iandikwe wazi kama bei ina VAT ndani yake au haina. Kampuni changa zimewahi kuandika «milioni 100» bila neno la pili, zikaja kugundua kwamba mwenye kazi aliielewa kuwa VAT imo. Hapo thamani ya kazi hushuka hadi milioni 84 na laki 7 na kitu, chini ya gharama.

Kwa upande wa vibarua, tangu mwaka 2022 kila mwajiri, hata mwenye wafanyakazi wawili, anapaswa kuchangia katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF: asilimia 10 kutoka kwake na asilimia 5 kutoka katika mshahara wa mfanyakazi. Awali walio na wafanyakazi chini ya watano hawakulazimishwa. Askari, ambaye pensheni yake ililindwa na sheria miaka yote ya utumishi, hana sababu ya kunung'unikia jambo hili. Ila aliingize katika bei ya zabuni. Asiligundue siku mkaguzi anapofika kwenye jengo.

Linabaki suala la kuchelewa kwa malipo, ugonjwa wa siku nyingi wa kazi za Serikali, ambao Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ameutaja mara kwa mara katika taarifa zake juu ya madeni ya ndani. Zamani mjenzi aliweza kudaiwa VAT ya ankara ambayo Serikali yenyewe haijailipa. Jambo hilo lilirekebishwa: kwa kazi iliyofanyiwa Serikali, VAT hudaiwa malipo yanapopokewa, na riba ya kodi iliyozaliwa na uchelewaji wa Serikali husamehewa. Yafaa kusifiwa. Lakini kinga hiyo inamkinga aliyepewa kazi na Serikali mwenyewe. Fundi mdogo aliyepewa na kampuni kubwa sehemu ya kazi, kuweka paa au kuvuta umeme, hajauza chochote kwa Serikali, ameiuzia kampuni. Kampuni inamwambia asubiri mpaka Serikali ilipe, na URA inahesabu siku tangu ankara yake ilipotoka. Wastaafu wengi huanzia hapo hapo, katika kazi ndogo ndani ya kazi kubwa, na sheria hadi sasa haijawatazama vya kutosha. Kwao busara ni kupatana mapema juu ya siku ambayo ankara itatolewa, ifuatane na malipo, isiyatangulie kwa miezi.

Kwa wanaoanza sasa kuna nafuu moja. Marekebisho ya mwaka 2025 yalisamehe kodi ya mapato kwa miaka mitatu biashara mpya za raia zilizoanzishwa baada ya tarehe 1 Julai 2025, zenye mtaji usiozidi shilingi milioni 500. Msamaha huo ni wa kodi ya mapato peke yake. VAT inabaki, NSSF inabaki, na hesabu za mwaka lazima zipelekwe hata kama kodi ni sifuri. Wenye madeni ya zamani nao waliwekewa muda: atakayelipa kodi ya msingi kufikia tarehe 30 Juni 2026 asamehewe riba na faini zilizokuwa zimelimbikizana hadi tarehe 30 Juni 2024.