Mwenye Kujitolea Asigeuzwe Kibarua

Hakuna mwananchi wa Mkoa wa Tanga asiyejua kwamba milima ya Usambara ni ghala la mboga. Kabichi, karoti, nyanya, pilipili hoho na viazi mviringo huteremshwa kutoka Lukozi, Mlalo na Soni kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Msafiri apitaye Mombo huyaona malori yaliyosheheni, akasema moyoni mwake kwamba watu wa milimani wameneemeka. Neema ipo, nasi hatuikatai. Lakini ghala laweza kujaa, na chungu cha mwenye ghala kikawa kitupu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa nchi yetu walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 wamedumaa. Mikoa iliyoongoza katika balaa hiyo si ya ukame. Ni Iringa, Njombe na Rukwa, nyanda za juu zinazosifika kwa kulisha nchi. Na katika Iringa waliodumaa walizidi nusu. Sababu ni nyingi: maradhi, maji yasiyo salama, uzito wa kazi za kina mama, na chakula cha aina moja. Bustani haiwezi kuziondoa zote. Hata hivyo, mchicha, karoti na maharage yaliyo hatua chache kutoka jikoni ni tiba iliyo katika uwezo wa kaya nyingi. Sisi wa Tanga wenye milima na mboga hatuna budi kujiuliza: je, tunauza kilicho bora na kubaki na kilichosalia?

Kwa sababu hiyo tunaunga mkono kwa dhati fikra kwamba kila kijiji cha milimani kiwe na wananchi wachache waliofunzwa barabara kilimo cha bustani, nao wajitolee kuwafundisha jirani zao. Jambo hili si geni. Katika mashamba darasa wakulima wawezeshaji wamekwisha kuonyesha kwamba mkulima humsikiliza mkulima mwenziwe. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, mpango wa namna hii ulianza mwaka 1973, pale mabwana shamba walipozidiwa na maswali ya watu wenye bustani. Wananchi walipewa mafunzo, nao wakayalipa kwa saa za kuwahudumia wengine. Mpango huo ulienea hadi Colorado, jimbo la Milima ya Rocky, ambako baridi hufupisha msimu na mtunza bustani asiyejua mwinuko wa mahali pake hupata hasara.

Somo hilo la mwinuko latuhusu sana. Bustani ya mlimani si bustani ya pwani iliyopandishwa juu. Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6. Na mji wa Lushoto uko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mbegu huchelewa kuota na mazao huchelewa kukomaa. Ukungu wa asubuhi unaolowesha majani huleta bakajani, nayo huweza kuteketeza shamba la nyanya au viazi kwa siku chache. Mteremko nao hautaki mchezo: tuta lililoelekezwa bondeni ni mfereji wa kupeleka udongo mtoni. Anayepanda nyanya pale alipong'oa viazi hushangaa kuona mnyauko umerudi, asijue kwamba mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na hushiriki maradhi.

Tangu mwaka 2014, mdudu aitwaye kantangaze amewatesa wakulima wa nyanya nchini. Wengi wamemkabili kwa kuchanganya dawa tatu nne katika bomba moja, kisha wakachuma kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kutimia. Sumu hiyo huliwa na watoto wetu. Mtu mmoja aliyefunzwa, anayekaa mtaa huo huo, aweza kuyazuia mengi ya haya kwa kuonyesha kitalu kinavyotengenezwa, mboji inavyoozeshwa, na kibandiko cha dawa kinavyosomwa. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Pamoja na hayo, historia ya milima yetu inatutaka tuwe waangalifu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watawala wa kikoloni walianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo. Hoja yao haikuwa ya uongo, kwani udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Lakini matuta yalichimbwa kwa amri, aliyekaidi akaadhibiwa, na mzigo ukawaelemea kina mama waliokuwa tayari na kazi tele. Katika miaka ya 1950 watu waliupinga, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa. Milimani Uluguru, mwaka 1955, matuta ya ngazi yalikataliwa hadi damu ikamwagika Matombo. Kinyume chake, mradi wa hifadhi ya udongo ulioanza Lushoto mwaka 1981 ulihimiza mistari ya majani ya Guatemala kukingama mteremko. Majani hayo huzuia udongo, na pia hulisha ng'ombe zizini. Mkulima hupokea lile ambalo faida yake huiona kwa macho yake.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, anayejitolea achaguliwe na jirani zake wenyewe, kutokana na bustani yake inayoonekana, wala si kwa ufasaha wa maneno au kwa ujamaa wake na viongozi. Kwa kuwa kina mama ndio wenye mzigo wa chakula cha nyumbani, kuwaacha nje ya mafunzo kutakuwa ni kupanda juu ya mwamba.

Pili, mafunzo yawe ya kweli. Semina ya siku mbili yenye soda na posho haimfanyi mtu mjuzi. Afuatane na bwana shamba au bibi shamba katika msimu wa masika na wa vuli, na baadaye awe na mtu wa kumwuliza linapomshinda jambo. Afundishwe pia kusema "sijui", maana jibu la kubahatisha huharibu shamba la mtu mwingine. Tena asiwe wakala wa duka la dawa, kwani anayefaidika na chupa hawezi kushauri kwa haki kwamba chupa haihitajiki.

Tatu, kujitolea kuwe na mpaka. Huyu naye ana shamba, ana watoto, ana karo na mavazi ya kununua. Siku moja katika juma, kwa mapatano yaliyo wazi, ni sadaka kubwa. Halmashauri zimpe mbegu za maonyesho, vifaa na nauli. Viongozi wa vijiji wasimpachike kazi ya kukusanya michango wala ya kuita mikutano. La muhimu zaidi, kuwapo kwake kusiwe kisingizio cha kuacha wazi nafasi ya mtaalamu anayelipwa na umma. Mwenye kujitolea ni msaidizi wa bwana shamba. Hawezi kushika mahali pake.

Wapo watakaosema kwamba zama za kufanya kazi bila malipo zimepita. Sisi hatuafiki. Watu wa milimani wanaujua msaragambo, na hadi leo wanasaidiana katika ujenzi, ugonjwa na misiba. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kinachowakatisha tamaa ni kudhulumiwa: kutumwa bila zana, kulaumiwa bila kushukuriwa, na kuona jasho lao likihesabiwa kuwa mafanikio ya mtu mwingine.

Vuli huanza Oktoba. Vijiji vinavyotaka kuanza viwachague watu wao mapema, na halmashauri zitenge fedha za mbegu na nauli kabla ya mvua. Malori na yaendelee kuteremka Mombo, lakini mboga za watoto wa Usambara zitangulie kufika chunguni.