Nauli Nayo ni Kodi ya Nyumba



Katika mkutano wa tawi uliopita mwanachama mmoja alisimama na barua ya onyo mkononi. Alikuwa amechelewa kazini mara tatu katika juma moja. Alipoulizwa sababu, alijibu maneno machache tu: "Mimi nakaa Ruiru, na mvua ilinyesha." Watu wakacheka, maana wengi waliokuwamo ukumbini nao hukaa Ruiru, au Githurai, au Kahawa, na kila mmoja alijua maana ya maneno hayo. Sisi wa kamati hatukucheka sana. Tuliisoma ile barua tena, tukaona ya kuwa jambo hili si la mtu mmoja aliyependa usingizi. Ni jambo la mshahara, nalo lapasa kuletwa mbele ya chama.

Wazee walioijua Ruiru ya zamani hutuambia ilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge, kituo cha reli, na maduka machache. Baada ya Uhuru vyama na makampuni ya kununua ardhi yaliyachukua baadhi ya mashamba ya walowezi, yakayagawa vipande vipande kwa wanachama. Kisha mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na wenye mashamba wengi wakaona kuwa shamba lizaalo nyumba lalipa kuliko lizaalo kahawa. Halafu ikaja barabara. Kazi ya kuipanua barabara kuu ya Thika ilianza mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua mwezi wa Novemba 2012: kilomita 50 hivi, na mahali pengine njia nane za magari. Siku zile kila mtu alisema Ruiru sasa ni mlango wa pili wa Nairobi. Ilikuwa kweli kwa muda. Barabara ikaleta nyumba, nyumba zikaleta watu, na watu wakaijaza barabara.

Hesabu ya watu yaonyesha wazi. Mwaka 2009 mji wa Ruiru ulihesabiwa watu karibu 239,000. Mwaka 2019 walikuwa 490,120. Yaani katika miaka kumi mji uliongezeka mara mbili, ukaipita Eldoret, ukaipita na Kisumu. Wengi wetu tulikuwa hatujui kama tunakaa katika mji mkubwa hivyo, maana hatuuoni mchana. Twaondoka saa kumi na moja alfajiri taa zikiwaka, na twarudi taa zikiwaka.

Wala hatukwenda kule kwa kupenda hewa ya mashamba. Tulifuata kodi. Mtu aliyeshindwa na chumba Umoja au Donholm alisikia kwamba Ruiru kuna singo na bedsita mpya, zenye choo ndani na umeme wa tokeni, kwa fedha pungufu. Akahama. Mwisho wa mwezi wa kwanza akajisifu kwa jirani zake wa zamani kwamba amepata nafuu. Mwisho wa mwezi wa tatu alinyamaza.

Na tufanye hesabu, maana chama kisichofanya hesabu hufanyiwa. Amri ya Serikali iliyoanza Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida katika Nairobi kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Juu yake huongezwa posho ya nyumba, 15 kwa mia, ambayo ni shilingi 2,417 na senti 6. Sasa tuchukue mfano, na kila msomaji aweke bei ya kwake. Tuseme nauli ya kutoka Ruiru mpaka mjini ni shilingi 100, na ya kutoka mjini mpaka Eneo la Viwanda ni shilingi 50. Kwenda na kurudi ni 300. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 7,800. Basi posho ya nyumba ni 2,417, na kuifikia hiyo nyumba ni 7,800! Na hizo ni nauli za siku kavu. Wingu likitanda tu, manamba hutazama juu, kisha hututazama sisi, na bei hubadilika palepale stendi.

Tena kuna saa. Tuseme ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, ambayo si ajabu hata kidogo. Kwa siku 26 ni saa 104. Amri ileile ya mishahara yasema juma la kazi la kawaida ni saa 52. Kwa hiyo mwenzetu wa Ruiru hufanya majuma mawili ya kazi kila mwezi ndani ya matatu, na hakuna amlipaye. Mtoto wake humwona Jumapili.

Tajiri atatuambia: "Mimi sikukutuma kukaa Ruiru." Tumeyasikia maneno haya mezani, na yafaa kila mwanachama ajue jibu lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu na kazi, au amlipe fedha za kutosha kupata nyumba ya kufaa, juu ya mshahara wake. Twawaomba wenzetu wayasome polepole maneno "karibu na kazi" na "za kutosha". Ruiru ni zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya Nairobi. Nyumba zilizo karibu kweli na viwanda, kwa fedha zile 2,417, ni zipi? Ni vibanda vya mabati vya Mukuru. Hatuwadharau wenzetu wakaao Mukuru. Wao hutembea kwa miguu hadi lango la kiwanda na huokoa nauli yote, lakini wamelipa kwa njia nyingine, kwa moto, kwa mafuriko, na kwa choo kimoja cha watu wengi. Mfanyakazi amewekewa mambo mawili achague: alale karibu katika matope, au alale mbali na kuuacha mshahara njiani. Sheria kadhalika yaruhusu mapatano ya chama na mwajiri kuichanganya posho ndani ya mshahara, na hapo ndipo pa kuangalia sana, maana ikishachanganywa husahauliwa.

Vijana wengine hudhani posho ya nyumba ilitolewa na Serikali kwa huruma. La. Mwezi wa Julai 1939, kule Mombasa, wafanyakazi wa Idara ya Kazi za Umma waligoma kwa sababu kodi imewashinda na hawana posho ya nyumba, na mgomo ukaenea kwa wengine hata bandarini. Hawakuwa na chama chenye ofisi wala mashine ya kuchapia karatasi kama hii. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilikubali jambo ambalo kila mama wa nyumba alikuwa akilijua: mshahara wa chini ulipimwa kwa mwanamume asiye na mke wala mtoto, na ikashauri upimwe kwa mahitaji ya jamaa nzima. Wale wa 1939 walidai kodi kwa sababu kodi ndiyo iliyowabana. Leo kodi imegawanyika mara mbili. Sehemu moja twampa mwenye nyumba tarehe tano, na sehemu nyingine twampa kondakta kila siku kwa vipande vidogo vidogo, na kwa kuwa ni vidogo hatuiiti kodi.

Sasa maji. Mto uitwao Ruiru una bwawa lake, lililojengwa wakati wa ukoloni ili kuupelekea mji wa Nairobi maji. Lipo mpaka leo na maji yake huenda Nairobi mpaka leo. Na sisi tukaao katika mji wenye jina la mto huo twangoja maji ya zamu. Yasipokuja, aliye na tangi hutumia tangi, na asiye na tangi hununua kwa mtungi kwa mwenye mkokoteni, au huteka ya kisima cha ploti, ambayo pengine ni ya chumvi na sabuni haitoi povu. Mama wa nyumba mmoja alituambia kwamba amejifunza kufua, kuosha vyombo na kumwaga chooni kwa maji yaleyale, kwa utaratibu huo.

Ploti nyingi zilipimwa futi 50 kwa 100, kwa jamaa moja na bustani ya sukuma wiki. Shimo la maji machafu lilikuwa la jamaa moja. Leo juu ya ploti hiyo imesimama nyumba ya orofa tano yenye vyumba 40, na bomba kuu la maji taka limefika sehemu kadhaa tu za mji. Shimo hujaa. Lori la kunyonya huitwa, au haliitwi, na usiku wa mvua kuna watu hufungua kifuniko ili mvua iondoe. Asubuhi twavuka hayo maji tukienda stendi.

Na hapa hatuna budi kujisuta wenyewe. Baadhi ya ploti hizo ni zetu. Wanachama wenzetu walikopa katika vyama vya akiba na mikopo, wakanunua, wakajenga, na wakaongeza orofa moja juu ya zile zilizoandikwa katika ramani. Hatumlaumu mfanyakazi atafutaye riziki ya uzeeni. Pensheni ni ndogo, kila mtu ajua. Lakini mtu hawezi kusimama mkutanoni akilia juu ya mwenye nyumba mbaya, kisha Jumamosi akaenda kupokea kodi kwa wapangaji arobaini wenye shimo moja. Tulimwambia mmoja hivyo, akakasirika. Bado ni rafiki yetu.

Serikali nayo yasema inajenga. Tangu mwaka 2023 tulianza kukatwa 1.5 kwa mia ya mshahara wote kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri hutoa kiasi hichohicho. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema makato yale hayapatani na Katiba. Machi 2024 ikatiwa sahihi sheria mpya, na makato yakasimama juu yake. Kwa kibarua wa mfano wetu ni shilingi 278 hivi kila mwezi. Kuna wanachama wapendao chama kiyapinge makato haya mpaka mwisho, na kuna wengine wasemao kwamba nyumba ni nyumba. Mwaka 2025 watu wa kwanza walipewa funguo za nyumba mpya za Mukuru, karibu kabisa na viwanda, na hilo ni jambo jema, tusikatae kuona. Shaka yetu ni nyingine. Nyumba zikijengwa tena mbali, mahali penye ardhi rahisi, pasipo bomba la maji wala njia ya kufikia kazini, tutakuwa tumelipa 1.5 kwa mia ili tununue nauli nyingine.

Njia ya kufikia kazini ipo, na ni ya zamani. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Yapita Ruiru, Kahawa, Githurai na Dandora, kisha Makadara, karibu na viwanda vyenyewe, bila kuzunguka katikati ya mji. Gari la abiria la asubuhi hujaa hata watu wakasimama mlangoni. Lakini ratiba yake ni ya karani wa ofisini. Mtu wa zamu ya usiku, atokaye kiwandani wakati wengine wanaingia, halimfai. Kwenye barabara kuu nako, mwaka 2018 walipaka mistari myekundu wakatuambia ni njia ya mabasi makubwa ya haraka. Rangi ilififia kabla ya basi kuonekana.

Shida nyingine ni kwamba mfanyakazi wa Ruiru mchana ni mtu wa Nairobi, na usiku ni mtu wa Kiambu. Jasho lake huhesabiwa kaunti moja na uchafu wake kaunti nyingine. Kaunti ya Kiambu inapoita watu kusikiliza bajeti ya maji na barabara, huita siku ya kazi, saa nne asubuhi. Sisi tuko kiwandani. Waendao ni wenye ploti na madalali, nao husema yao. Tumeazimia kuiandikia kaunti barua, tukitaka mikutano hiyo ifanywe Jumapili alasiri, na tukipata jibu tutalichapisha hapa kama lilivyo.

Mapatano yetu na waajiri yatafunguliwa upya mwaka huu. Kamati yataka kupeleka dai la posho ya safari, mbali na posho ya nyumba na isichanganywe nayo, au gari la kampuni kwa watu wa zamu. Twataka pia kupeleka wajumbe kwa wenye reli juu ya saa za gari. Lakini hatutakwenda mezani na mfano wa kubuni kama ule tuliouandika hapo juu, maana wakili wa waajiri atauvunja kwa dakika mbili.

Kwa hiyo kila mwanachama akaaye Ruiru, Githurai, Kahawa, Juja au Kitengela ajinunulie daftari dogo. Kwa mwezi mmoja mzima aandike kila siku saa aliyotoka nyumbani, saa aliyofika langoni, nauli aliyotoa kwenda na kurudi, na maji aliyonunua. Siku ya mvua aandike "mvua". Asiyeweza kuandika amwombe mwanawe. Madaftari yakabidhiwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano mkuu. Na yule ndugu wa barua ya onyo tumekwisha kumpa daftari la kwanza. Barua yake tunaijibu juma hili.