Stima Safi, Moshi Mweusi
Nimechoka na hizi sifa. Tangu ule mkutano wa tabianchi wa Nairobi, Septemba 2023, kila kiongozi akishika maikrofoni anakumbusha dunia kwamba karibu asilimia 90 ya stima yetu ni safi: mvuke wa Olkaria, maji, upepo wa Marsabit. Ni kweli. Lakini hebu nenda Changamwe saa nane usiku, usikilize.

Mimi nilisikiliza miezi 11, nikiwa karani wa yadi. Kazi yangu ilikuwa kusoma halijoto ya kontena za friji na kuiandika. Soketi zilikuwa chache kuliko kontena, basi zilizokosa zilinguruma kwa jenereta za dizeli usiku kucha, nyaya za stima zikipita juu ya vichwa vyetu. Nilipouliza, bosi alinijibu, "Dizeli analipa mwenye mzigo. Wewe inakuuma nini?"

Inaniuma kwa sababu mwenye mzigo hailipi mfukoni mwake. Anapunguza bei ya ovakado kule Murang'a. Anayelipa ni shosho wako.

Tena wengi hawajui: kontena ya friji imeundwa kutunza baridi, si kuileta. Ukipakia ovakado iliyoshinda juani, mashine itahangaika siku kadhaa kuishusha hadi nyuzi 5 hivi, na tunda litaendelea kuiva. Ukipanga makatoni kupita ule mstari mwekundu wa ndani, hewa haizunguki. Raba ya mlango ikichanika, joto la Mombasa linaingia bure. Na tangu mwisho wa 2023, meli nyingi zinakwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Afrika Kusini kwenda Ulaya. Safari ni ndefu zaidi. Tunda lililoondoka na joto linafika limeoza.

Mtaniambia tungoje kontena mpya, zenye kompresa inayopunguza kasi mzigo ukishapoa. Zije, nazipenda. Lakini ukiifunga kwa jenereta, hata hiyo itakunywa dizeli.

Hatuhitaji maajabu. Tunahitaji vyumba vya baridi karibu na mashamba, raba nzima milangoni, na soketi za kutosha kila yadi. Mpaka hapo, mkisikia tena hotuba ya stima safi, msipige makofi. Ulizeni soketi ziko wapi.