Google haikupiga picha ile

"Picha kwa hisani ya Google." Maneno haya nayakuta karibu kila ninapopitia kurasa ambazo wanafunzi wetu hapa Mpanda wameziandaa kwa ajili ya tovuti ya shule, na kila mara nawarudishia. Google haikusimama juani kando ya Mto Katuma wakati wa kiangazi, viboko wamesongamana kwenye tope lililobaki. Alisimama mtu na kamera yake, kwa nauli yake. Google imetuonyesha tu picha ilipo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu kazi ya mwingine kwa kiasi, mradi utaje chanzo na jina la mwenyewe. Kuibeba picha nzima na kuitundika ni jambo jingine: hapo huombwa ruhusa, na kutaja jina peke yake hakutoshi. Wapo walioiruhusu mapema, kama wapiga picha wa Wikimedia Commons. Masharti yao yameandikwa palepale chini ya picha, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kuyafuata.

Linaloniuma zaidi ni masimulizi. Habari za Katabi, mwindaji ambaye mzimu wake unaaminika kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, wanafunzi huniletea zimeanza na "inasemekana". Inasemekana na nani? Ukimbana mwandishi anajibu, "Bibi ndiye aliyenihadithia, mwalimu." Lakini kampuni ya utalii aliyochukua kwake aya mbili imetajwa na anwani yake yote! Bibi aliyeacha kupepeta mchele wake ili amsimulie mjukuu hana hata mstari. Tunawafundisha watoto kwamba elimu ni ile tu iliyokwisha kupita kwa mgeni.

Kwa hiyo nataka waandike nani alisimulia, kijiji gani, lini, na kama aliridhia. Asiyependa jina lake lionekane intaneti aheshimiwe. Iandikwe "mzee wa Kibende, Sitalike", inatosha. Na kama mzee amesema sehemu fulani ya habari isitoke nje, isitoke.

Walimu wenzangu, tunaposahihisha kazi hizi tunatoa alama za rangi, mpangilio na picha nzuri. Tutenge alama za vyanzo pia, tena ziwe nyingi kuliko za rangi, na ukurasa usio na majina usipandishwe mpaka uwe nayo.