Hakuna Kozi Yenye Soko

Kila lango la KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi wa Kenya nafasi vyuoni, linapofunguliwa, vijana waliomaliza kidato cha nne hujaa kwenye saiba za River Road, Nairobi, orofani juu ya maduka ya simu na ofisi za matatu za mashambani. Anayelipia mara nyingi ni mjomba au shangazi. Kijana akisema hajui anataka kuwa nani, huamuliwa palepale: basi jaza kozi yenye soko. Ushauri huu unawaponza watoto wetu, na umetolewa kwa muda mrefu bila kudaiwa ushahidi.

Soko lipi? Anayejaza fomu leo ataanza kutafuta kazi baada ya miaka minne, au sita. Udaktari tuliuhesabu kuwa kozi isiyokosa ajira. Machi 2024 madaktari walianza mgomo wa siku 56, na kiini kimoja cha mgomo huo kilikuwa madaktari wanagenzi: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, badala ya 206,000 za mkataba wa 2017. Walimu waliofuzu wanaongoja tume ya kuajiri walimu, TSC, iwaite ni wengi mno. Karibu kila ukoo una wake. Kwa upande mwingine, M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwanafunzi aliyejaza fomu mwaka wa 2003 asingeweza kuichagua hata angekuwa na akili za ajabu.

Mtazame Wangari Maathai. Alisomea biolojia Marekani, akapata uzamifu hapa Nairobi mwaka wa 1971, akafundisha anatomia ya mifugo. Alikuwa mashambani akikusanya kupe kwa utafiti wa ugonjwa wa ng'ombe alipoona mifugo iliyokonda na mito iliyojaa udongo, akaanza kuuliza miti ilikwenda wapi. Harakati zake za kupanda miti, Green Belt, zikazaliwa mwaka wa 1977, na Tuzo ya Nobel ikaja 2004. Hakuna aliyempangia hayo akiwa na miaka 20. Biolojia haikumpa kazi hiyo; ilimpa jicho la kuitambua.

Najua nitakavyojibiwa: mtoto wa maskini hana nafasi ya kubahatisha. Nakubali kabisa, na ndiyo maana nina hasira. Kumsukuma msichana anayeichukia hisabati kwenye sayansi ya bima kwa sababu binamu yake alipata kazi huko, huko ndiko kubahatisha. Atarudia mitihani mwaka wa kwanza, atarudia wa pili, kisha ataacha. Mwenye pesa atampeleka wake chuo kingine. Maskini atabaki na karo iliyokwisha kulipwa na mtoto anayejiona mjinga.

Imani hii ya kozi yenye soko pia ndiyo inayolisha biashara ya vyeti ghushi ambayo imeipa River Road sifa mbaya. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa imegundua vyeti bandia zaidi ya 2,000. Jamii ikishaamini kwamba jina la kozi ndilo kazi yenyewe, wapo watakaolinunua jina bila masomo.

Kijana asiyejua si mgonjwa. Muulize ni somo gani alilisoma bila kusukumwa. Mtafutie mwanafunzi wa mwaka wa pili amwonyeshe masomo yanayofundishwa ndani ya kozi, kwa maana jina la nje halisemi lolote. Kama bado anasita, achague kozi pana: takwimu, uchumi, biolojia, lugha. Aziepuke zile za majina marefu zinazomfunga kwenye kazi moja ambayo huenda isiwepo atakapofuzu. Akikosea, KUCCPS ina dirisha la uhamisho, na alitumie mapema, mwaka wa kwanza, kabla mkopo haujarundikana. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, itadai pesa zake, awe alisomea alichokipenda au alichochaguliwa na mjomba, na deni hilo litakuwa kwa jina la kijana peke yake.